Kasha la pwani: umelitafuta mara tatu upande usio wake

Swali la msomaji: "Nimeanza mchezo wa makasha ya barua mwaka huu, ule wa kufuata madokezo hadi visanduku vilivyofichwa, vyenye daftari na muhuri ndani. Nimekwishapata sita, yote msituni, lakini hili la njia ya miguu ya pwani limenishinda. Dokezo lake ni hili: 'Anza kwenye kibao cha ramani. Twende pamoja, bahari kuliani mwetu, hadi benchi la pili. Keti uitazame rasi. Simama, shika nyuzi 300, hatua 40, hadi nyangumi wa jiwe. Nimelala pale upepo usiponifikia.' Bahari iko mashariki mwa njia. Nimeenda mara tatu. Mara mbili za kwanza dira ilinipeleka ukingoni, nikashuka ufukweni kupekua mawe, na mara ya pili maji yalinizingira mpaka magotini. Mara ya tatu niliiacha dira nikageuza kila jiwe nililoliona kule chini. Je, kasha limeibiwa? Nichimbe? Na nikilipata, nichukue nini na niache nini?"

Ndugu yangu, nimelisoma dokezo hilo mara nne kabla ya kukujibu, na naamini kasha lipo. Naamini pia kwamba hujawahi kulikaribia, kwa sababu mara zote tatu umekuwa upande wa pili wa njia.

Tufuatane kidogo. Bahari iko mashariki, na dokezo linataka utembee ukiwa nayo kuliani. Basi unaelekea kaskazini. Sasa nyuzi 300 ni wapi? Kwenye dira kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Nyuzi 300 ni magharibi iliyosogea kaskazini kwa nyuzi 30. Huko ni bara, nyuma ya mgongo wa mtu aliyekaa benchini akitazama maji. Hakuna namna nyuzi 300 zingekufikisha kwenye ukingo wa bahari iliyo mashariki. Kilichokupeleka kule ni nyuzi 120, au karibu na hapo, na kati ya 300 na 120 kuna 180, yaani nusu duara kamili.

Kosa la nusu duara ni nadra kuletwa na dira mbovu. Kwa kawaida huletwa na mkono. Ama ulilinganisha ncha ya kusini ya sindano mahali pa ncha ya kaskazini (kwenye dira nyingi ncha ya kaskazini ndiyo yenye rangi nyekundu), ama ulishika kibao cha dira huku mshale wa safari, ule unaoonyesha uendako, ukiwa umegeukia tumboni mwako. Ukiwa msituni hutajua, kwa sababu kila upande ni miti tu. Hapa pwani bahari yenyewe ingekuonya. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe umeinama vya kutosha. Ulichokosa ni kuujua mvungu wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaipa dira imani yako, jiulize kwanza inapaswa kukupeleka wapi: baharini, bara, mbele au nyuma? Jibu hilo lipate ukiwa nyumbani, ramani ikiwa mezani. Ukifika na sindano ikapingana nalo, simama, usipige hata hatua moja. Mimi huandika neno moja pembeni mwa kila agizo la dokezo. Kwenye hili lako ningeandika "bara", na neno hilo lingekuokoa safari tatu.

Yapo makosa madogo ya dira ambayo hayakupeleki upande mwingine lakini yanatosha kukukosesha kasha. Simu iliyo mkono uleule, kifuniko cha simu chenye sumaku, funguo, uzio wa chuma au benchi lenye miguu ya chuma, vyote huivuta sindano. Unaposoma nyuzi, simama mita kadhaa mbali na benchi, kwenye mstari uleule. Tena kuna tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku. Mahali pengine haifiki nyuzi 1, pengine inazidi 20, na hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Ramani nzuri huandika tofauti hiyo pembeni. Mtu aliyeficha kasha akiwa na dira mkononi kwa kawaida huandika nyuzi za sumaku, kwa hiyo anza na hizo bila kusahihisha kitu. Zikikukatalia, ndipo ujaribu za ramani.

Ukubwa wa kosa unaweza kuupima. Ukikosea nyuzi 10 na kwenda mita 30, utatua mita 5 hivi kando ya mahali ulipotakiwa. Kwa mita 100 kosa hilohilo linakuwa zaidi ya mita 17. Hatua zako 40 ni umbali mfupi, basi hata usomaji wa ovyo kidogo unakuacha karibu, mradi uwe upande wa kweli.

Sasa benchi. Maneno "benchi la pili" yananitia wasiwasi kuliko nyuzi, maana mabenchi huongezwa, huondolewa, huoza. Njia za pwani nazo huhamishwa: ukingo ukimomonyoka, wasimamizi huisogeza njia bara na kuacha kipande cha zamani kiote majani. Angalia dokezo liliandikwa mwaka gani. Likiwa la zamani, usihesabu mabenchi kama mtu anayehesabu fedha. Mwandishi amekupa kipimo kingine, nawe umekipita haraka: "Keti uitazame rasi." Watu wengi hudhani maneno hayo ni ya kupamba. Mimi nayachukua kuwa agizo. Benchi la kweli ni lile ambalo ukikaa, rasi inaonekana. Kaa kwenye kila benchi la sehemu ile. Lile ambalo rasi imefichwa na kichaka au kona ya jabali, liondoe kwenye hesabu, liwe la pili au la tano. Kwenye dokezo lililoandikwa vizuri hakuna neno la bure, na hili limeandikwa na mtu makini. Hata ule wingi wa "twende pamoja" unanifanya nimpende.

Kuhusu hatua, kuna watu wanaohesabu kila mguu unapokanyaga, na kuna wanaohesabu mguu mmoja tu, wa kulia kila unaporudi chini. Warumi walihesabu hivi vya pili, na hatua zao 1,000 ndizo zilizozaa maili. Kwa mtu mzima wa wastani, mkanyago mmoja ni kama sentimita 75. Basi hatua 40 za mtindo wa kwanza ni mita 30, na za mtindo wa pili ni mita 60. Niliwahi kumaliza alasiri nzima nikizunguka shina moja la mti, kumbe mwenye kasha alihesabu mguu mmoja na mimi nilihesabu yote miwili. Tangu siku hiyo nikikosa kwenye umbali wa kwanza, naendelea kwenye mstari uleule hadi mara mbili yake kabla sijaanza kupekua chochote. Pima pia hatua zako mwenyewe: tembea mita 100 zilizopimwa, hesabu, gawanya. Rudia kwenye mchanga na kwenye mteremko, utaona jinsi zinavyofupika.

Simu usiitegemee kwa hatua za mwisho. Penye anga wazi inaweza kukuonyesha ulipo kwa kosa la mita 5 hivi, na chini ya jabali, ambako nusu ya anga imezibwa, kosa huwa kubwa zaidi. Kuna mchezo ndugu wa huu wetu unaoendeshwa kwa vipimo vya setilaiti. Ulianza Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yaliyotumiwa na raia, pale Dave Ulmer alipoficha ndoo huko Oregon na kutangaza namba za mahali pake. Kule namba ndiyo njia. Kwetu njia ni maneno, na anayeyaruka maneno amelikosa nusu ya kasha hata akilishika.

Ukishasimama benchini na kushika nyuzi 300, usitembee ukiitazama dira. Chagua kitu kilicho mbali kwenye mstari huo, kichaka au nguzo, ukielekee. Kisha tafuta nyangumi. Hapa nakuomba subira, maana jiwe lina umbo la nyangumi kutoka upande mmoja tu, ule aliosimama mwenye kasha siku ile. Ukilifikia na kulizunguka litakuwa jiwe kama mengine. Kwa hiyo litazame kutoka njiani, ukiwa umesimama na ukiwa umechuchumaa, na ukumbuke kwamba nyasi zinaweza kuwa zimemfunika mkia.

Ukidhani umelipata, lithibitishe kabla ya kuinama. Simama jiweni, geuka, lisome benchi kwa dira. Ikiwa ulitoka kwa nyuzi 300, benchi lazima liwe kwenye 120. Dira ikisema 105 au 135, hilo ni jiwe la jirani. Kipimo hiki cha kurudi nyuma huchukua nusu dakika, na wengi wa wanaoniandikia hawajawahi kukitumia.

Sasa "pale upepo usiponifikia". Mabaharia wana maneno mawili mazuri ya jambo hili: joshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande uliokingwa. Kasha liko demani mwa jiwe. Lakini upepo upi? Usiulize upepo wa siku uliyokwenda wewe. Uliza ule unaovuma mara nyingi zaidi, na huo umeandikwa kwenye miti. Mti ulioota mahali pa upepo wa bahari hulala upande mmoja, matawi ya upande wa joshi yamekufa au yamefupika, kichwa chote kimeelekea bara. Ukiiona miti imelala kuelekea magharibi, basi demani ya jiwe ni magharibi, uso wake usioiona bahari. Vilevile inaleta maana kwa afya ya kasha, kwa kuwa mvuke wa chumvi hula klipu za kufungia kasha na kulowesha daftari, na mwenye busara hulificha mgongoni mwa jiwe.

Hapo tu ndipo upekuzi unapoanza, na uanze kwa macho huku mikono ikiwa mfukoni. Tafuta kitu ambacho asili haikukipanga: vijiti vilivyolazwa sambamba, jiwe bapa lililosimamishwa kuziba tundu, majani makavu yaliyojazana mahali ambapo upepo usingeyapeleka. Mawe yaliyokaa miaka bila kuguswa huota madoa ya kijivu au ya manjano kwenye uso unaopata mwanga. Jiwe lenye madoa hayo chini yake limegeuzwa na mtu. Ukiamua kuingiza mkono, tanguliza fimbo. Nyoka na nge nao wanapenda upande wa demani.

Usichimbe. Kasha la barua kwa desturi halizikwi. Hufichwa juu ya ardhi, likazibwa kwa jiwe au majani, na dokezo la heshima halimlazimishi mtu kuvunja kitu. Usibomoe ukuta wa mawe, usiguse magofu wala makaburi ya kale, na kwenye nyasi fupi za pwani tazama unapokanyaga, maana wako ndege wanaotaga chini kabisa, kwenye changarawe, na mayai yao yanafanana na kokoto. Yale mawe uliyoyageuza ufukweni, ikiwa yapo ambayo maji hayajayafikia, nenda ukayarudishe. Chini ya kila jiwe la ufukweni kuna viumbe wanaokufa wakiachwa juani.

Nisipozungumzia maji nitakuwa nimekudanganya kuhusu mchezo huu. Umeandika kwamba yalikuzingira "mpaka magotini" kana kwamba ni jambo la kuchekesha, na mimi nilipolisoma nilishtuka. Kwenye pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili katika saa 24 na dakika 50 hivi, yaani kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na robo. Lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote cha mpando mara kumi na mbili. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Yaani nusu ya bahari nzima inaingia ndani ya saa mbili za katikati. Pwani ambayo maji hupanda mita 4, saa ya kwanza utaona sentimita 33 tu na kujiambia una muda. Saa ya tatu unaletewa mita nzima. Mtu anayepekua mawe akiwa ameinamisha kichwa haoni badiliko hilo mpaka njia ya kurudi imefungwa. Nawe hukuzembea. Ndivyo maji yanavyowapata watu.

Kwa hiyo soma jedwali la maji la mahali hapo, siku ileile. Jua pia mwezi uko wapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huleta bamvua, maji yanayopanda juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Kanuni ya mafungu haifanyi kazi kila mahali, mathalani kwenye midomo ya mito au pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku, na upepo mkali au mawimbi makubwa huivuruga. Ikiwa ni lazima kupita chini ya jabali, shuka wakati maji bado yanatoka, na uwe umekwishapanda kabla hayajaanza kurudi. Kasha lililo ng'ambo ya mahali pa kukatiwa njia linaweza kungoja.

Na kuna habari njema ndani ya haya: karibu hakuna mwenye kasha anayelificha chini ya mstari wa bamvua, kwa sababu lingechukuliwa mwezi uleule. Mstari huo utauona kwa mwani mkavu, vijiti na takataka zilizoachwa juu kabisa ya ufuko. Popote chini ya hapo, usitafute. Ufukwe ulioupekua mara tatu ulikuwa hauna uwezekano tangu mwanzo.

Je, makasha huibiwa? Hupotea, ndiyo. Dhoruba huyachukua, wanyama huyaburuta, wafanyakazi wanaokata vichaka huyafikiria takataka, na wako watu wanaoyabeba tu. Lakini mahali pa kasha lililopotea huacha dalili: tundu lenye ukubwa wa sanduku dogo, jiwe la kuzibia limelala kando, kipande cha mfuko wa plastiki. Ukikuta hayo mgongoni mwa nyangumi, hapo nitakubaliana nawe. Mwandikie mwenye kasha, umweleze ulichokiona na tarehe. Usiweke kasha lako badala yake bila ruhusa yake, hata kwa nia njema, maana atakayefuata atakuta muhuri usio wake, na mwenyewe akirudisha la kwanza yatakuwa mawili.

Swali lako la mwisho ndilo nililolifurahia zaidi. Hutachukua kitu chochote cha kushikika. Ndani utakuta daftari na muhuri, pengine na pedi ya wino. Muhuri ule hukaa humo milele. Wageni wa mchezo huu wakati mwingine huuchukua wakidhani ni zawadi, na kasha linakufa siku hiyo. Unaupiga kwenye daftari lako, kisha unapiga muhuri wako kwenye daftari la kasha, unaandika tarehe na jina lako la njiani, yaani lile unalojiita mchezoni.

Chanzo chake kinaeleza kwa nini. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, aliweka chupa kwenye Cranmere Pool, katikati ya nyika ya Dartmoor huko Uingereza, ili waliofaulu kufika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na kadi za posta zenye anwani, na aliyefuata huzichukua na kuzitia posta. Jina la makasha ya barua limetoka hapo. Muhuri ulikuja kushika nafasi ya barua. Tangu mwanzo unachobeba kutoka huko ni uthibitisho kwamba ulifika, na unachoacha ni kwamba ulikuwa wewe.

Beba pedi yako ya wino, kwani ya ndani huenda imekauka au imeota kuvu. Pwani beba pia kitambaa kikavu, ufute unyevu kabla ya kufunga. Acha wino ukauke vizuri kwanza. Niliwahi kufunga daftari kwa haraka kwa sababu wapita njia walikuwa wanakuja, na ukurasa wa mtu aliyenitangulia ukaharibika. Wakija watu, kaa juu ya jiwe utazame bahari mpaka wapite. Rudisha kila kitu kwa mpangilio ulioukuta, sukuma klipu zote mpaka zilie, lirudishe kasha likiwa limefichika vilevile au zaidi kidogo, kisha rudi nyuma hatua tano na uangalie kama linaonekana.

Ukienda tena, niandikie namba uliyoisoma ukiwa jiweni ukitazama benchi, hata kama hukulipata. Kwa namba hiyo moja nitaweza kukuambia ulisimama wapi.